Vipande Arobaini

Yerko alipiga simu kutoka Santiago siku ya Jumapili,
sauti imejaa kama ya mtu aliyeshiba:
"Mama, nimekununulia shaba."
Nikachungulia mlangoni, nikidhani lori litasimama.

Hakuna lori. Kuna vipande arobaini
vya mfuko fulani unaouzwa sokoni kama hisa,
na jina langu, Ercilia Vilca wa Calama,
limeandikwa mahali nisipoweza kufagia.

Shaba yenyewe iko wapi? nikamuuliza.
Akacheka. Mfuko huu, Mama, haushiki shaba.
Unashika ahadi: kwamba mtu fulani, mwezi fulani,
atatoa tani kadhaa kwa bei waliyopatana leo.
Na kabla mwezi haujafika wanaiuza ahadi hiyo,
wananunua nyingine ya mbele,
mara nyingi ghali kidogo kuliko ile ya kwanza,
na hapo katikati zinadondoka senti,
kama unga unaohamishwa gunia hadi gunia.
Nimekua nikiambiwa ahadi ni deni.
Sikujua kuna watu ambao kwao ni akiba.

Mimi shaba naijua kwa kikohozi.
Nolberto aliileta nyumbani miaka thelathini na mmoja,
kwenye kola, kwenye kope, kwenye maji ya kuogea
yaliyobaki na utando kama chai iliyolala.
Alipostaafu walimpa birika la shaba lenye tarehe.
Akafa kabla hatujaling'arisha mara ya nne.
Juzi nililipima kwenye mizani ya jikoni:
kilo moja na robo, pamoja na mfuniko.

Siku hizi, kabla hata ya mkate,
nafungua simu. Kijani, nimepata.
Nyekundu, kuna kiwanda huko Uchina kimepunguza zamu.
Mgodi ukigoma, kijani.
Mpwa wangu Danko alikuwa kwenye mgomo wa Mei,
akinywa supu ya chama katika bakuli la plastiki,
na mimi, Mungu anisamehe,
niliuona mshale ukipanda nikasema moyoni:
kazeni kidogo, wanangu, wiki moja tu.

Kisha Julai, usiku wa baridi ya kupasua ndoo,
taa zikazimika mtaa mzima.
Walikuja na msumeno na pikapu isiyo na namba,
wakakata waya kuanzia nguzo ya shule hadi kwetu,
mita mia mbili na ushei,
kwa sababu shaba imepanda.
Bi Hortensia, anayepumua kwa mashine,
alibebwa na blanketi lake hadi zahanati.
Mimi nilikaa gizani ndani ya koti la marehemu,
na mwanga pekee nyumbani
ulikuwa simu yangu:
kijani, kijani, asilimia tatu nukta moja.

Sikushika msumeno.
Ila mimi na wale vijana wa pikapu
tulikuwa tumeomba dua moja.

Kulipokucha nikamwambia Yerko auze kumi na viwili.
"Subiri, Mama, bado inapanda."
Nikamwambia: ndiyo maana.

Mtaa ulichanga, kila nyumba kwa uwezo wake.
Fundi wa umeme alikuja Alhamisi,
anavuta waya wa kijivu, mwepesi,
bila wekundu wowote pale alipoukata.
"Alumini, bibi," akasema, hata hakugeuka.
"Hii hakuna anayeitaka."
Bi Hortensia alirudi Ijumaa, mashine ikavuma.

Vimebaki ishirini na vinane. Sijavifungua tangu juzi.
Yerko anasema, kwa bei ya leo,
hata birika lile lina faida.
Nimemwambia lile ni zima, halina vipande.
Linavuja kidogo mdomoni.
Naweka kitambaa chini.